Mume Asiyesikika

Zamani Nelvine hakuwa na haja ya kumuuliza mume wake alikuwa wapi. Alikuwa akimsikia.

Kiptanui alikuwa na pikipiki ya petroli yenye silensa iliyotoboka, ikachomelewa, ikatoboka tena pale pale. Ilikuwa na sauti ya mzee anayekohoa na kucheka kwa wakati mmoja. Nyumba yao iko juu kabisa, mahali majani chai yanapoishia, na barabara ya kwenda Kapkatet inateremka kutoka hapo mpaka mtoni, inajificha kwenye mikaratusi, inavuka daraja, halafu inapanda upande wa pili. Nelvine hakuwa anaiangalia. Alikuwa jikoni na sukuma wiki yake, mikono inakata, masikio yako barabarani. Sauti ikibanwa, mume ameingia kwenye mikaratusi. Ikifunguka, yuko darajani. Ikiguna, amebeba mtu mnene. Ikizimika, hapo na kisu nacho kilisimama.

"Mbona ulizima pale kwa kina Elmina?" angemuuliza jioni, akimmiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu.

"Elmina alikuwa anashuka."

"Mtu akishuka si anashuka tu?"

"Alikuwa na magunia, Mama Chelangat."

"Haya. Kunywa."

Na maneno yaliisha. Nelvine ana wivu, hilo si siri, hata yeye mwenyewe huwa anasema: "Mimi nina wivu vile wengine wana presha. Nikipata dawa yangu nalala vizuri." Dawa yenyewe ilikuwa ile silensa.

Sisi majirani tulimcheka, tukampa jina la Redio, lakini tulimtumia pia. Ukitaka pikipiki ikupeleke hospitali ulikuwa humpigii Kiptanui simu, unapiga kelele juu ya ua: "Redio! Yuko wapi?" Naye bila kuinua kichwa anakujibu, "Yuko darajani anapanda. Vaa viatu."

Halafu kampuni moja ikafungua mahali pa kubadilishia betri pale Kapkatet, kontena jeupe kando ya lami, na pikipiki za stima zikapangwa mbele yake kama ng'ombe wa maonyesho. Vijana wa kampuni walikuja na kipaza sauti. Wakasema moshi wa magari na pikipiki ndio unaharibu hewa, ndio maana siku hizi mvua ya mawe inapiga majani chai wakati wa kiangazi na kiangazi kinakuja wakati wa mvua. Waendesha boda wengi walicheka. Walisema hiyo ni pasi ya kupiga nguo iliyowekewa magurudumu. Kiptanui hakucheka. Kile kilima cha kwenda kwake kilikuwa kinakunywa petroli kuliko yeye anavyokunywa chai, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa kwa sauti ya silensa. Akatoa ile ya zamani, akachukua mpya.

Siku hiyo Nelvine alikuwa anasonga ugali. Alikuwa na hakika mume bado yuko Kapkatet, kwa sababu barabara ilikuwa kimya kabisa. Mara akasikia nyuma ya shingo yake, karibu sana:

"Chakula kiko?"

Alipiga kelele mpaka mbwa wa Elmina wakajibu. Mwiko ulienda upande wake, ugali upande wake.

"Umetoka wapi wewe?"

"Si barabarani!"

"Barabara gani? Sijasikia kitu."

"Ndio uzuri wake!" Kiptanui alisema, anacheka, anamvuta mkono aje aone. "Kuja uangalie. Haina moshi, haina kelele. Nimepanda kilima chote nikisikia ndege."

Nelvine alikuja akaangalia. Ilikuwa ya kijani, safi, na mahali pa tangi la petroli palikuwa na kisanduku cha betri. Aliizunguka mara moja kama mtu anayekagua mke mwenza. Akarudi jikoni kuokota ugali, na lile neno la uzuri wake likamkaa kooni.

Wa kwanza kuteseka hakuwa yeye, tuseme ukweli. Asubuhi Kiptanui hubeba maziwa ya njia nzima kupeleka kwa mtambo wa kuyapoza, na kina mama wamezoea kutoa mitungi langoni wakisikia anapiga kona. Asubuhi ya kwanza ya stima alipita malango yote na hakukuwa na mtungi hata mmoja. Watu walikuwa ndani wanamngoja wamsikie. Ilibidi arudi mwanzo, anapita kila lango akiita, "Maziwaaa! Maziwa jamani!" kama mtu anayeuza. Tulicheka mpaka tukalia. Lakini baada ya muda tulizoea. Tukaanza kutoa mitungi mapema, basi.

Nelvine ndiye hakuzoea. Siku nzima alikaa na masikio matupu. Akisikia upepo kwenye mikaratusi anasimama. Akisikia pikipiki ya mtu mwingine anasonya. Na juu ya hayo, nyumbani kulikuwa kumeingia jina jipya.

"Fancy amesema nisikimbize mlimani, betri inapenda upole."

"Fancy amesema nisiioshe na maji ya nguvu."

"Fancy amesema mvua haina shida."

"Fancy ni nani?" Nelvine aliuliza, ingawa alikuwa ameshauliza watu wengine watatu na kila mmoja akampa jibu lile lile: msichana wa kontena, yule anayetoa betri, mwenye rasta ndefu na meno yaliyopangwa vizuri.

"Ni mfanyakazi wa kampuni," Kiptanui alisema.

"Mh. Na mvua haina shida."

"Ndio hivyo alisema."

"Amesema nini kuhusu mke?"

Kiptanui akainua kikombe kikafunika uso wote.

Sasa kuna Charity. Charity anauza petroli kwenye chupa za soda pale njia panda, mezani, chini ya mwavuli. Wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka hapa kabla hajazaliwa, na lugha ya Kipsigis anaiongea kutushinda sisi wenyewe. Benchi lake lilikuwa halikosi watu. Ukitaka kujua nani ameposwa, ng'ombe wa nani amezaa pacha, unaenda kwa Charity kununua petroli hata kama huna pikipiki. Tangu kontena lije, benchi lilikuwa linapata jua. Chupa zilisimama mezani zimejaa, na Charity alizipangusa vumbi akiangalia upande wa Kapkatet kama anaangalia mtu aliyemwibia bwana.

Nelvine alipita hapo akitoka kupeleka majani yake kituoni, kikapu kitupu mgongoni.

"Chamgei, Nelvine. Keti. Nikuulize kitu."

"Niulize nikisimama."

"Keti bwana, benchi haliumi siku hizi." Charity alisogeza mwavuli. "Kubadilisha betri, hiyo ni kazi ya muda gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Nimesikia unatoa, unaweka, kwaheri. Haraka kuliko mimi nikimimina mafuta. Sasa mbona bwana yako anapita hapa asubuhi akishamaliza maziwa, anateremka huko kubadilisha, na anarudi jua liko utosini?"

Nelvine alikaa.

"Mimi sisemi kitu," Charity alisema. "Mimi ni mtu wa kuangalia barabara. Sina kazi nyingine, si unaona chupa zangu. Zamani angekuwa anazunguka huko na wewe ungekuwa unajua kila kona. Sasa wamemtengenezea kitu haina sauti, wakaweka msichana mwisho wa barabara. Kama ni mimi nimekaa nikatafuta njia ya kuiba mume wa mtu, singefikiria hiyo."

Usiku ule Nelvine alichukua jaketi la mume wake akalinusa. Miaka yote lilikuwa linanuka petroli mpaka huwezi kusikia harufu nyingine. Sasa petroli ilikuwa imeisha, na kila kitu kilichobaki kilijitokeza: sabuni, maziwa, jasho lake mwenyewe. Na chini ya hayo harufu ya majani yaliyolowa na tope. Kontenani kuna tope? Si wameweka saruji!

Asubuhi hakumngoja anywe chai.

"Rudisha hicho kitu."

"Kitu gani?"

"Hiyo pasi yako. Rudisha, uchukue ya petroli."

"Kwa nini nirudishe? Imekuharibia nini?"

"Siisikii."

Kiptanui alimwangalia, akaangalia pikipiki, akamwangalia tena. "Hakuna mtu anaisikia, Nelvine. Ni ya stima."

"Mimi si mtu yeyote. Mimi ni mke wako. Basi chagua. Ama inarudi kwa huyo msichana, ama mimi narudi kwetu Chepseon, na hayo majani chai utayachuma wewe na Fancy. Nakupa mpaka Jumapili."

Kiptanui alifunga mitungi, akapanda pikipiki, na akaondoka bila sauti yoyote, kitu ambacho kilikuwa kibaya kuliko matusi. Zamani hata akikasirika ungesikia gia.

Nelvine alivaa gauni la kanisani, akapaka mdomo rangi, akateremka njia panda. Charity alimwona akaelewa bila kuambiwa. Alimsimamisha mwendesha boda wa petroli, akamwambia ampeleke Kapkatet na wao watamalizana. "Usimbakishie kitu!" alimpigia kelele Nelvine kwa nyuma. "Mwambie mpaka ya shangazi yake!"

Kontena lilikuwa limejaa watu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomuuma: lile benchi lote la Charity lilikuwa hapa, waendesha boda wameketi juu ya kreti, chai iko kwenye jiko, mahindi yanachomwa, vicheko. Ndani kulikuwa na makabati ya betri yenye taa ndogo za kijani na nyekundu, na mbele ya makabati msichana mwenye ovaroli, rasta amefunga juu, anainua betri kwa mkono mmoja kama ni mkoba.

"Wewe ndiye Fancy?"

"Ndio, mama. Karibu. Unachukua betri?"

"Sijaja kuchukua betri. Nimekuja kuchukua mume wangu."

Vikombe vyote vilisimama njiani. Mwendesha boda mmoja, Ongeri, mtu ambaye hata mazikoni hakosi utani, aliinuka.

"Fancy, umeweka mabwana za watu kwenye kabati? Hebu fungua tuone kama wamejaa chaji!"

Watu walikufa kicheko. Fancy hakucheka. Alipangusa mikono.

"Mume wako ni nani, mama?"

"Unamjua. Kiptanui. Yule unayemwambia betri inapenda upole."

"Aaa! Baba Chelangat." Uso wa Fancy ulifunguka, na Nelvine alikaza kiganja tayari. "Yule wa haraka."

"Wa haraka vipi?"

"Mama, huyo hata chai yangu hajawahi kuonja. Anatoa, anaweka, anasema asante, amepotea. Namwambia keti hata uulize habari, ananiambia kuna mahali anaenda."

Kicheko kilikatika hivyo. Hakuna aliyemwangalia Nelvine machoni. Mmoja aligeuza hindi lake ambalo lilikuwa limeshaiva pande zote.

"Labda ni kanisani," Ongeri alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Nelvine alikuwa amekuja na maneno yake yote, ameyapanga tangu juu mpaka mtoni, na sasa hayakuwa na mtu wa kuyapokea. Msichana aliyekuwa mbele yake alikuwa anamwonea huruma. Hiyo huruma ilimchoma kuliko rasta, kuliko meno.

"Mahali gani?" aliuliza. "Semeni. Nyinyi mnaonana barabarani kila siku. Anaenda kwa nani?"

Walisukumana kwa macho. Mwishowe Ongeri akajikuna. "Mimi nimemwona tu akikata kona pale darajani. Ile njia ya ng'ombe, inayoshuka mtoni. Zaidi ya hapo, shemeji, sijui."

Fancy alivua glovu. Alimkabidhi Ongeri ufunguo wa kontena, akamwambia asiguse kitu isipokuwa chai, akatoa pikipiki ya kampuni.

"Panda, mama. Nikufikishe darajani. Kama kuna mtu huko, heri ujue leo."

Basi Kapkatet yote iliona Nelvine, na gauni lake la kanisani, ameketi nyuma ya msichana ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekuja kumpiga, amemshika kiuno. Nelvine alikuwa anaangalia mikono ya Fancy, kwanza kwa ubaya, halafu kwa mshangao. Msichana hakuwa anafanya kitu. Hakuna klachi, hakuna gia, hakuna kupiga teke. Ni kuzungusha mkono wa kulia tu, kidogo, kama mtu anayefungua mfereji.

Darajani alimwambia amwache. Akateremka njia ya ng'ombe kwa miguu, viatu mkononi.

Aliiona pikipiki kwanza, imeegemezwa kwenye mti. Halafu akamwona yeye. Kiptanui alikuwa ameketi kwenye jiwe, buti amezivua, miguu iko ndani ya maji. Nelvine alirudi nyuma akaingia kwenye majani chai ya mtu, akachuchumaa kati ya mistari, matone ya mvua ya asubuhi yakimwingia shingoni. Akangoja mwanamke atokee.

Alimngoja kwa hamu. Alimtengeneza kichwani: mrefu, mweupe kidogo, kitambaa chekundu, anakuja anaruka mawe na chupa ya chai. Alishampangia atamshika wapi. Njoo basi, alisema moyoni, njoo nikuone. Miguu ilimfa ganzi, majani yakaloweka gauni, na mwanamke hakuja. Kiptanui aliokota kijiwe akakitupa majini. Baada ya muda akatupa kingine. Halafu akatabasamu, peke yake, bila sababu, tabasamu pana la mtu aliyeshiba. Nelvine alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliliona hilo tabasamu nyumbani.

Hapo alishindwa. Alitoka kwenye majani.

"Yuko wapi?"

Kiptanui karibu aanguke mtoni. "Nelvine! Umefikaje hapa? Sijakusikia!"

"Ndio uzuri wake. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemngoja."

"Simngoji mtu."

"Kiptanui. Mtu mzima hatoki kwa kazi akaja kuosha miguu mchana bila sababu. Niambie jina. Nikiambiwa na wewe nitaumia kidogo, nikiambiwa na Charity nitaumia sana."

"Hakuna jina." Alitoa miguu kwenye maji, akaitazama. "Nakuja kukaa tu."

"Kukaa."

"Kukaa. Hapa hakuna mtu anajua niko."

"Na mimi? Mimi si nilikuwa najua uko wapi siku zote?"

"Ndio hiyo."

"Ndio hiyo nini?"

Kiptanui si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo yalitoka, na yalipotoka hayakusimama. "Nikiingia kichakani kukojoa, jioni unaniuliza nilizimia nini. Nikisimama kufunga kiatu, unaniuliza. Mpaka nilikuwa siwezi kusimama, Nelvine. Mguu ukinifa ganzi nasonga tu. Elmina akifika kwake nilikuwa namwambia ruka. Mama mzima, na magunia! Namwambia ruka, bibi yangu anasikia!"

Nelvine nusura acheke. Alijibana.

"Kwa hivyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

"Apa."

"Haki ya mama yangu."

Alimwamini. Na hapo ndipo wivu wenyewe ulipompata, ule mwingine wote ulikuwa mazoezi. Mwanamke ungemvuta nywele. Ungemwita majina mbele ya kanisa, ungeambia watu wakakuonea huruma na chai ikamiminwa. Kimya utakikamata wapi? Utaenda kumwambia Charity nini, kwamba mume wangu ananiacha anaenda kwa jiwe?

"Unakuja hapa kunikimbia," alisema.

"Nakuja kukaa. Halafu si narudi?"

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja." Alianza kuvaa buti. "Ulitaka jibu kabla ya Jumapili. Pikipiki sirudishi."

"Basi mimi naenda kwetu."

"Nimesikia."

Walirudi nyumbani pamoja, kwa sababu hakukuwa na usafiri mwingine. Nelvine hakumshika kiuno. Alishika chuma cha mizigo.

Jumapili walienda kanisani wakakaa benchi moja, wakaimba kitabu kimoja. Baada ya chakula Kiptanui alilala usingizi kwenye kochi, na Nelvine akaingia chumbani akapanga mkoba: nguo, leso, mafuta, picha ya binti yao Chelangat akiwa na sare ya bweni. Akaufunga akauacha juu ya kitanda. Akatoka nje kuangalia kama hali ya hewa inaruhusu safari ya Chepseon.

Pikipiki ilikuwa imesimama mlangoni. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari.

Aliitazama muda mrefu, kwa chuki, jinsi alivyoitazama siku ya kwanza. Halafu akakunja gauni, akapanda. Alitaka tu kujua. Hivi ndivyo alivyojiambia: nataka tu kujua ni nini kiko humo ambacho mimi sina. Akazungusha mkono wa kulia kidogo, kama anafungua mfereji.

Nusura aingie kwenye ua wa Elmina. Alipiga kelele ndogo, akakaza, akalegeza, akaweka miguu chini mara tatu au nne. Lakini mteremko ulimchukua, na alipofika kwenye mikaratusi alikuwa anaenda, wima, na hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa magurudumu kwenye changarawe na kitambaa chake kinapigapiga shingo.

Na akaanza kusikia. Miaka yote alikuwa amesikiliza barabara hii kutoka mahali pamoja, anasikiliza kitu kimoja. Sasa alipita katikati yake. Alisikia redio ya mtu inasoma matangazo ya vifo. Alisikia mtoto anakaripiwa, mtungi unasuguliwa, wanaume wawili wakibishana kuhusu mbio za Eldoret. Hakuna aliyeinua kichwa. Alisikia nyumba za watu kutoka ndani, na yeye hayupo.

Njia panda Charity alikuwa ameketi na Edinah, dada wa kwaya, wameipa barabara mgongo, wanamenya viazi.

"...akachuchumaa kwenye majani ya watu, na mwenye majani anamwona," Charity alikuwa anasema. "Na gauni la kanisani! Anangoja mwanamke. Mwanamke gani? Mto!"

Edinah alicheka mpaka kiazi kikaanguka.

Nelvine alilegeza mkono. Pikipiki ikatambaa. Alikuwa karibu kiasi cha kumwagia Charity maji ya viazi kichwani, na alifikiria hilo.

"Lakini nikuambie ukweli, Edinah," Charity alisema, akaacha kumenya. "Mimi naona wivu. Huyo mwanamke ameamka, akavaa, akapaka rangi, akaenda kupigania mtu. Wangu aliishia Naivasha, nikangoja anipigie simu, halafu nikaacha kungoja. Sikumfuata hata mpaka hapo Litein. Ningekuwa na mtu wa kunitia wazimu hivyo, hizi chupa ningezivunja zote."

Edinah aliinama akaokota kile kiazi. Nelvine alipita nyuma yao, akashika lami, na wala hawakugeuka.

Hakuenda Chepseon. Alienda juu, kwenye mashamba makubwa, mahali majani yamekatwa sawasawa kama meza mpaka macho yanachoka, akasimama kando ya njia, akaketi chini. Hakuna aliyejua yuko wapi. Mwanzoni hakujua afanye nini na mikono. Alijaribu kutabasamu vile Kiptanui alivyotabasamu, ikakataa. Alifikiria maneno ya Charity, akayafikiria tena. Halafu akafikiria Kiptanui akiamka kwenye kochi: mkoba uko kitandani, mke hayuko, pikipiki haiko, na barabara haisemi kitu. Hapo tabasamu likaja lenyewe.

Alikaa mpaka baridi ikamtoa.

Kiptanui alikuwa amesimama langoni, miguu mitupu, na jua lilikuwa linaisha nyuma ya mikaratusi. Alimwona alipokuwa ameshafika.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu."

"Hapo wapi? Nimeuliza kwa Elmina. Nimeteremka mpaka kwa Charity, kwa miguu. Hakuna mtu amekuona, hakuna mtu amekusikia."

Nelvine alishuka, akamwachia pikipiki. Aliingia ndani, akafungua mkoba, akaanza kurudisha nguo kwenye kamba moja moja. Kiptanui hakumfuata mara moja. Alikuwa ameinama juu ya ile saa ndogo ya pikipiki inayoonyesha chaji, amewasha tochi ya simu ingawa mwanga ulikuwa bado uko.

"Nelvine! Hii ilikuwa imejaa!"

"Eh."

"Imebaki nusu! Nusu nzima imeenda wapi? Kapkatet na kurudi haili nusu. Hata Kaplong na kurudi!"

"Kulikuwa na kilima."

"Kilima kipi?" Alikuwa ameshafika mlango wa chumba, tochi bado inawaka mkononi, anamulika nguo, anamulika uso wake. "Na viatu vyako vina nyasi. Ulikaa chini? Ulikaa na nani?"

"Nilikaa tu."

"Mtu hakai tu!"

Nelvine alitundika gauni la mwisho, akalinyoosha mabega polepole kuliko ilivyohitajika. Moyo wake ulikuwa unapiga kama siku alipoposwa.

"Kesho ukienda kubadilisha betri," alisema, "mwambie Fancy akupe yenye nguvu. Jumapili ijayo nataka kwenda mbali kidogo."

Akachukua ndoo akatoka kukamua ng'ombe. Kiptanui alibaki mlangoni na tochi yake.

"Na nani?" akauliza.